Subaru STI: Kizazi gani kinakufaa kama nyumbani ni Korbesa?

Kabla hujaniambia ndoto yako ni Subaru STI, nijibu swali moja: utaiendesha wapi?

Nauliza kwa sababu kwetu ni Korbesa, upande wa Merti, Kaunti ya Isiolo. Ukitoka mjini Isiolo, lami ya kwenda Moyale ni tamu sana. Unaweza kushika kikombe cha chai na isimwagike. Ukiiacha hiyo lami ukaelekea Merti, hadithi inabadilika: changarawe, mchanga, mawe, na laga zinazojaa maji ghafla kwa sababu mvua imenyesha mbali, hata kama kwako jua linawaka. Huko Land Cruiser inaheshimiwa kama mzee wa kijiji. Mwambie mjomba wako unataka gari la chini lenye bawa nyuma, atakuuliza linataka kuruka kwenda wapi.

Lakini tusidanganyane. Vijana wa kwetu wanaipenda STI vilevile kama wasee wa Nairobi. Na pesa ya kuinunua mara nyingi inatoka mahali pamoja: zizini. Ndiyo maana hii mada si mchezo. Ukame ukiua ng'ombe, mvua ikirudi unaanza tena na ndama wawili. Injini ya STI ikifa haizai. Kwa hivyo kama familia imekubali kuuza wanyama soko la Merti ili wewe upate gari, jua unanunua nini.

Gari la mashindano lenye namba za barabarani

STI si Impreza ya kawaida iliyopakwa rangi ya bluu. Sheria za mashindano ya magari zilimtaka mtengenezaji auze kwa raia magari yanayofanana na lile la mbio. Subaru wakafanya hivyo, na Kenya tulikuwa sehemu ya hadithi hiyo. Mwaka wa 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally katika nafasi ya nne na Impreza. Mwaka wa 1997 Colin McRae akashinda Safari na Impreza, na mwaka wa 2000 Richard Burns akafanya hivyo hivyo.

Sasa usidhani kwamba kwa sababu Impreza ilishinda Safari, ya kwako itapita laga. Ya Safari iliinuliwa juu, ikafungwa shoka nyingine kabisa, na nyuma yake kulikuwa na jeshi la mafundi. Ya dukani ilitoka kiwandani ikiwa chini, springi ngumu, tairi nyembamba za lami. Kizazi cha mwisho kina nafasi ya milimita 135 tu kati ya ardhi na tumbo la gari. Chukua rula upime ukutani. Umeona? Sasa fikiria jiwe la njia ya Merti.

Kizazi cha kwanza: GC8 (1994 hadi 2000)

Impreza yenyewe ilianza 1992, lakini beji ya STI ilikuja 1994 ikiwa na nguvu farasi 250. Kufikia 1996 ilikuwa imefika 280, kiwango ambacho kampuni za Japani zilikuwa zimekubaliana zisikivuke.

Siri ya GC8 ni uzani. Ni kama kilo 1,250 tu, na hilo unalisikia kwenye kila kona. Usukani unakuambia kila kitu kuhusu barabara, hata vitu ambavyo hukutaka kujua. Hakuna kompyuta nyingi za kukuokoa, ni wewe na miguu yako. Kwa raha ya kuendesha, hakuna STI nyingine inayoigusa.

Shida ni mbili. Gia zake tano zinajulikana kwa udhaifu: ongeza nguvu kwenye injini halafu uachie klachi kwa fujo, utaokota meno ya gia kwenye oili. Ya pili ni umri. Hata changa zaidi imeshapita miaka 25, na zilizobaki Kenya zimepita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja na fundi wake na majaribio yake. Wakati huohuo Marekani inaruhusu kuingiza gari lolote likishatimiza miaka 25, kwa hivyo Wamarekani wanazifagia kule Japani na bei ya zile safi inapanda. Iliyo safi ni akiba. Iliyochoka ni shimo la pesa.

Kizazi cha pili: GDB (2000 hadi 2007)

Hiki kina sura tatu. Kwanza macho ya duara kama mdudu, ambayo watu waliyacheka sana. Halafu macho yaliyotulia. Mwisho, kutoka 2005, macho makali ya mwewe. Petter Solberg alichukua ubingwa wa dunia wa 2003 akiendesha kizazi hiki.

Hapa ndipo STI ilikomaa. Ilipata gia sita ngumu ambazo mafundi wengi wanaziheshimu mpaka leo, na breki za Brembo zinazosimamisha gari kama limegonga ukuta. Uzani ulipanda, ukavuka kilo 1,400, kwa hivyo si nyepesi kama kaka yake. Lakini mwili ni mgumu zaidi, na ukiingia kona kwa kasi gari limetulia.

Ncha moja ya bure: kuanzia modeli ya mwaka wa 2005, nafasi ya boliti za gurudumu ilibadilika kutoka milimita 100 hadi 114.3. Rimu za ya zamani haziingii kwenye ya baadaye. Ukienda kutafuta rimu Kirinyaga Road bila kujua hili, utarudi nyumbani na mapambo ya sebule.

Kizazi cha tatu: GRB na GVB (2007 hadi 2014)

Hapa Subaru walifanya kitu kilichowaudhi mashabiki: STI ikatoka bila mkia, muundo wa hachibeki. Sedani (GVB) ilirudi 2010. Nguvu zilifika farasi 308, na suspensheni ya nyuma ikabadilishwa muundo, ikawa inafuata barabara mbaya vizuri zaidi.

Wapenda mbio walilalamika kwamba zile za mwanzo ni laini na zinainama kwenye kona. Ukiwa kwenye lami ya mashindano, wana haki. Ukiwa unatoka Isiolo, huo ulaini ni baraka. Nyuma unakunja viti unaweka gunia, mitungi ya maji na begi za watu wote. Hii ndiyo STI ambayo mama anaweza kupanda bila kusema Innalillahi kila shimo.

Angalia jambo moja: kuna ya otomatiki iliyoitwa A-Line. Si mbaya, lakini ina injini tofauti ya lita 2.5 na tabia ya upole. Usiuziwe kwa bei ya ile ya gia sita.

Kizazi cha nne: VAB (2014 hadi mwisho)

Hii ndiyo ya mwisho yenye ile injini ya EJ20. Japani walifunga pazia na toleo la mwisho la magari 555 pekee, na Machi 2022 Subaru wakatangaza kwamba muundo mpya wa WRX hautapata STI ya petroli.

Kuiendesha ni kama kushika kisu kipya. Usukani ni mwepesi kuitikia, mwili hauyumbi, na toleo la 2017 liliongezewa breki kubwa za mbele za pistoni sita na rimu za inchi 19. Kwenye lami safi ni gari kamili. Kwenye changarawe ya kwetu, inchi 19 na tairi nyembamba maana yake ni kupasua tairi na kupinda rimu.

Beji haisemi ukweli, chesisi inasema

Beji ya STI inauzwa dukani kama kitu kingine chochote. Kwa hivyo ukifika kuona gari, achana na bawa na eksozi inayopiga kelele. Omba kitabu cha gari, soma namba ya chesisi, kisha uilinganishe na iliyochapwa kwenye gari lenyewe. Gari la Japani linaanza na kodi yake hapo.

GDB ni STI, GDA ni WRX ya kawaida. GRB ni STI hachibeki, GH8 ni Impreza yenye tabo lakini si STI. VAB ni STI, VAG ni WRX S4, gari zuri lenye otomatiki ya CVT na injini nyingine kabisa. Buda akikuambia "hii ni STI ya otomatiki ya 2018", mshukuru kwa chai uende zako.

Halafu peleka fundi wako, si wa muuzaji. Apime kompresheni ya silinda zote nne, na aulize mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. EJ20 ina maradhi yanayojulikana: ikikosa oili, bering za krenkshafti zinaliwa, na pistoni hupasuka ikilazimishwa nguvu nyingi bila mpangilio mzuri. Injini hizi zilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki huko, kwa hivyo gari lililoongezwa nguvu na mtu asiyejua hilo ni bomu linalosubiri siku yake.

Kuagiza au kununua hapa?

Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Kwa mwaka wa 2026, mwisho ni gari lililosajiliwa mara ya kwanza 2019. Maana yake vizazi vitatu vya kwanza huwezi kuagiza tena. Unanunua zilizopo nchini. VAB pekee ndiyo bado ina mlango, na mlango unafungwa: za 2019 zinaishia mwaka huo, na zile chache za 2020 mwaka wa 2027. Lancer Evolution X, mpinzani wake, ilikoma kutengenezwa 2016, kwa hivyo mlango wake ulishafungwa.

Sasa ushuru. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hesabu hii haitaki digrii. Tuseme thamani ya forodha ni shilingi milioni 2. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, hapo 700,000. Injini ikizidi sisi 1500, ushuru wa bidhaa ni asilimia 25 ya jumla hiyo, hapo 675,000. VAT asilimia 16 juu ya yote, 540,000. Ongeza ada ya tamko la uingizaji asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2, hapo 90,000. Jumla ni milioni 2 na 5,000. Yaani unanunua gari moja na kumlipia serikali la pili. Na usifikiri risiti ya bei nafuu itakusaidia: KRA wanatumia orodha yao ya bei, kisha wanapunguza kulingana na umri wa gari.

Hukumu yangu

Kwa raha tupu ya kuendesha, GC8. Lakini ichukue kama una gari lingine la kukupeleka kazini.

Kwa thamani ya pesa, GDB ya 2005 hadi 2007. Gia ngumu, breki nzuri, mafundi wanaijua, na imeshapoteza sehemu kubwa ya bei yake kwa mtu mwingine, si kwako.

Kama unafika nyumbani Merti au Korbesa mara kwa mara, GRB. Iache springi za kiwandani, weka rimu ndogo na tairi nene, funga bamba la chuma chini ya injini. Mvua ikianza, iache Isiolo mjini upande gari la abiria. Hakuna aibu.

VAB ni ya mwenye pesa iliyotulia. Kwa kuwa ndiyo ya mwisho, naona itashika bei kuliko nyingine. Lakini usiuze mifugo ya familia kwa sababu mimi nimesema "naona".

Chochote utakachochagua, usitumie pesa yote kununua. Robo ibaki. Hiyo ni ya tairi, mkanda, oili na bima. Na bima iwe ya kweli: waambie kila kitu ulichobadilisha kwenye gari, maana siku ya ajali wakikuta tabo kubwa ambayo hawakuijua, wana sababu ya kukataa kulipa.

La mwisho ni kuhusu hiyo lami ya Moyale. Imenyooka, haina magari mengi, na inakushawishi. Lakini ngamia akivuka usiku, macho yake yako juu ya taa zako. Unaona miguu tu, na umechelewa. Ukigonga miguu, mwili wote unakuja kwenye kioo. Breki za Brembo hazikupi macho. Kama unataka kujua gari lako linaweza nini, tafuta siku ya mashindano iliyopangwa, vaa helmeti, lipa kiingilio, ukimbizane na saa. Barabarani, ule ngamia anaweza kuwa wa jirani yako, na jirani atakuja kudai.