Bibi, Mjukuu na Mbio za Farasi

Mtafiti anayekusanya masimulizi ya wanamichezo wa kike, hasa pale nyaraka zilipowasahau, kama ilivyokuwa Uingereza baada ya mwaka 1921, chama cha kandanda kilipowafungia wanawake viwanja vya vilabu vyake, aghalabu hudhani kwamba kazi yake ni kusikiliza na kunakili tu. Kumbe maswali yake na itikadi yake vimekwisha kuingia ndani ya hadithi.

Hayo yalimfika Katherine Borland, mtaalamu wa masimulizi wa Marekani, aliyemrekodi bibi yake akihadithia mbio za farasi za mwaka 1944 huko Maine, ambako bibi huyo, mbele ya baba yake, alimwekea dau farasi aliyemchagua mwenyewe, wala hakufuata rai ya baba, na farasi akashinda. Mjukuu alikifasiri kisa hicho kuwa ni mapambano ya mwanamke kutafuta uhuru wa nafsi yake. Naye bibi akamwandikia waraka mrefu kwamba hadithi ile si yake tena, imekuwa ya mjukuu.

Fadhila ya Borland, kwa rai yangu, ni kwamba hakuuficha waraka ule: alinukuu sehemu zake katika makala yake ya mwaka 1991, akashauri mazungumzo na msimulizi yaendelee hadi hatua ya tafsiri. Basi mchezaji asemaye kwamba aliupenda mpira tu, wala hakuwa na vita na mwanamume yeyote, aandikwe hivyo; mtafiti mwenye fikira nyingine aziandike kando, kwa jina lake mwenyewe.