Gideoni na Watu Mia Tatu

Katika zama zile ambazo wana wa Israeli hawakuwa bado na mfalme, wala hazina, wala askari wa mshahara, vita vilipozuka vilimkuta kila mtu shambani kwake, na aliyewaongoza hakuwa mrithi wa kiti bali mtu aliyeinuliwa kwa ajili ya dhiki iliyopo, mmoja wa wale ambao habari zao zimekusanywa katika kitabu cha Waamuzi, ijapokuwa wengi wao kazi yao ilikuwa ya upanga kuliko ya hukumu. Gideoni wa kabila la Manase tunamkuta akipura ngano ndani ya shinikizo la zabibu, asionekane na Wamidiani, ambao walikuwa wakipanda na ngamia wao kila wakati wa mazao na kuiacha nchi haina kondoo wala punda. Amiri wa vita, naye anaificha ngano yake!

Lakini alipoitwa awaokoe watu wake, akapiga baragumu, wakamjia watu 32,000. Naye akaamriwa na Mungu awapunguze, Israeli isije ikajisifu kwamba imejiokoa kwa mkono wake. Waoga waliporuhusiwa kurudi, wakaenda zao 22,000, wala ruhusa hiyo si ya ajabu, kwani sharia ya Kumbukumbu la Torati humwachilia hata aliyejenga nyumba asiizindue, na aliyeposa asioe. Wale 10,000 waliosalia wakateremshwa majini: waliopiga magoti wakatengwa, na walioramba maji kwa kupeleka mkono kinywani wakabakishwa, nao walikuwa 300 tu. Wako wafasiri wasemao kwamba warambao ndio waliokuwa macho zaidi; maelezo hayo yanapendeza, walakini maandiko hayasemi hivyo, nami naona kwamba kuitafutia idadi ile hekima ya kijeshi ni kuibatilisha maana yake.

Msomaji aliyesoma chuo cha Kurani atakuwa amekwisha kumkumbuka Taluti, ambaye kwa kawaida hulinganishwa na Sauli wa Biblia. Katika Sura ya Al-Baqara watu wanambeua kwa kuwa hana mali, wakajibiwa kwamba amezidishiwa elimu na kiwiliwili. Kisha yeye ndiye awajaribuye askari wake kwa mto, asinywe mtu ila atakayeteka kwa kitanga cha mkono, nao wakanywa isipokuwa wachache, na katika vita vya wachache hao Daudi akamwua Jaluti.

Vita vya Gideoni vilikuwa vya hila: usiku, walinzi wa zamu ya kati walipokwisha kuwekwa tu, vikosi vitatu vya watu mia mia vikavunja mitungi, mienge ikafichuka, mabaragumu yakalia pande zote, na Wamidiani wakageuziana panga wao kwa wao. Baada ya ushindi alipewa ufalme, akaukataa akisema kwamba mtawala wao ni Bwana. Lakini papo hapo akaomba pete za ghanima, zikatimia shekeli 1,700 za dhahabu, akazifanyia naivera, yaani vazi la kikuhani, mjini kwake Ofra, nayo ikawa tanzi kwake na kwa nyumba yake. Ufalme alioukataa baba, Abimeleki mwanawe wa suria aliununua kwa vipande 70 vya fedha vya hekalu, akaajiri wahuni, akawachinja nduguze juu ya jiwe moja, akatawala miaka 3, mpaka huko Tebesi mwanamke alipomtupia jiwe la kusagia kutoka juu ya mnara, naye, fuvu limekwisha kupasuka, akamsihi mchukua silaha wake ammalizie kwa upanga, isije ikasemwa kwamba ameuawa na mwanamke.