Joto la Mota ya Umeme na Jinsi ya Kulipima

Leo twataka kuwaelezeni habari za mota ya umeme, ile iendeshayo mashine za kusaga nafaka na za kuvuta maji. Adui yake mkubwa ni joto. Ndani ya mota mna nyaya za shaba zilizozungushwa mara nyingi, na kila waya umevikwa ngozi nyembamba ya vanishi, ili umeme usipite njia isiyo yake. Joto likizidi, ngozi hiyo hukauka na kupasuka, na mota huungua. Mafundi hukadiria ya kwamba kila digrii 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya ngozi hiyo kiasi cha nusu.

Labda mtu atasema, “Nitaigusa kwa mkono, nitajua.” La, sivyo. Mkono hugusa chuma cha nje tu, na nyaya za ndani zina moto zaidi.

Kiko kipimajoto cha umeme, yaani nyaya mbili za madini mbalimbali zilizounganishwa ncha. Asili yake ni kazi ya Thomas Johann Seebeck, mwaka 1821. Lakini umeme wake ni mdogo mno: ukiigawa volti moja mafungu milioni, kila digrii huleta mafungu kama 40 tu. Nayo sumaku ya mota, kwa kugeuka-geuka mara nyingi katika kila sekunde, huzaa umeme mwingine katika nyaya hizo. Ni kama kusikiliza mnong’ono kando ya ngoma. Fundi asipojihadhari, kipimo kitamdanganya.

Je, zebaki? Nayo ni madini. Sumaku hiyo yaweza kuzungusha umeme ndani yake na kuipasha moto. Kwa hiyo, karibu na sumaku ya namna hii, kipimajoto cha spiriti ni bora.

Njia nyingine ni kuiuliza shaba yenyewe. Shaba ikipata moto huzuia umeme zaidi. Fundi hupima kizuizi cha nyaya mota ikiwa baridi. Kisha, baada ya kazi, huisimamisha, hukata umeme, na kupima tena upesi kabla haijapoa. Tuseme kwa digrii 25 alipata omu 10, na sasa apata omu 12: joto la nyaya ni karibu digrii 77.

Na mota ikiwa inazunguka? Siku hizi uko uzi wa kioo, mwembamba sana, ambao ncha yake imepakwa dawa ing’aayo. Mwanga hupelekwa ndani ya uzi, dawa hung’aa, kisha nuru yake hufifia; kwa kadiri joto lilivyo kubwa, ndivyo inavyofifia upesi. Chombo huupima muda huo. Kioo hakichukui umeme, basi sumaku haina la kukifanya.

Wasikilizaji, msiifungue mota wenyewe, maana umeme huua. Mwacheni fundi aipime mapema, kabla haijanuka moshi. Kwaherini.