Volti 12 Zisizoendesha Feni

Msomaji mmoja wa Kangemi ametuletea swali ambalo, kwa kadiri ya magari yanayosimama kila jioni katika foleni ya Waiyaki Way, naona ni swali la wengi: gari lake halina taabu likienda kasi, lakini likikwama Westlands mshale wa joto hupanda, fundi alipochomoa plagi ya feni ya rejeta akapima, alipata volti 12 kamili, akahukumu kwamba mota imekufa, ikanunuliwa feni nyingine Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi hawajaacha kuiita Grogan, na gari likaendelea kuchemka vile vile.

Kwamba upepo wa mwendo hufanya kazi ya feni ni jambo dhahiri. La kustaajabisha ni zile volti 12, kwa kuwa kipimo hakikusema uongo, na hata hivyo feni haikuwa na umeme wa kuiendesha. Yatazame maji ya ghorofa za Kilimani, yashukayo kutoka tangi la juu ya paa: bomba likiwa limeziba nusu kwa kutu, na mfereji umefungwa, maji yaliyotulia husukuma kwa nguvu zote za tangi, hata ukipima msukumo hapo utasema bomba ni zima, fungua mfereji, na nguvu ile huishia palipoziba, ukabaki na ndoo isiyojaa. Tangi halina kosa, wala mfereji. Nguvu imeliwa njiani, na hailiwi njiani ila maji yanapokwenda.

Kipimo cha volti ni mfereji uliofungwa, kwani hakivuti umeme ila tone. Chukua feni ivutayo ampea 15 kwa volti 12, yaani yenye ukinzani wa omu 0.8; iunge na plagi iliyoingia kutu yenye omu 0.4 tu, na, tukiihesabu mota kana kwamba ni waya mtupu, mkondo utashuka hadi ampea 10, feni itapata volti 8, na zile 4 zitateketea ndani ya plagi, wati 40 za joto katika kipande cha chuma kisichozidi ukucha, ndiyo maana aghalabu plastiki iliyoungua humfichulia fundi kosa kabla hajatoa kipimo. Na feni ya volti 8 huzunguka, ikalihadaa jicho, ilhali upepo wake hautoshi, hasa Nairobi, ambako, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji yaliyo wazi huchemka mapema, kwenye nyuzi 94.

Basi plagi isichomolewe. Washa injini na AC, ambayo katika magari mengi huiamuru feni bila kungoja joto. Weka ncha moja ya kipimo kwenye hasi ya betri, na nyingine uipenyeze nyuma ya plagi, upande wa feni, kwenye waya unaorudisha umeme kwenye bodi. Ukisoma karibu na sifuri, upande huo ni salama; ukisoma volti 2 au 3, hizo ndizo zilizoliwa. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, ncha ya kwanza sasa ikiwa kwenye chanya ya betri, ukirudi nyuma kutoka plagi hadi rilei, hadi fyuzi, mpaka hesabu ishuke ghafla baina ya hatua mbili. Mota ihukumiwe pale tu inapopata volti 12 ikiwa imeungwa, na bado haizunguki. (Feni zinazobadilishiwa kasi na kompyuta zina hesabu nyingine, na vidole vikae mbali.)

Mimi ningeanza na boliti ya waya ule wa bodi, hasa kama injini huoshwa kwa mashine ya maji: ifunguliwe, chuma kipigwe msasa mpaka king'ae, ikazwe, kisha ipakwe grisi juu.