Saa 36 za Bure: Hesabu ya Kuwa na Watoa Intaneti Wawili

Watoa huduma wengi wanaouzia mashirika intaneti hupima matumizi ya mteja kila dakika 5. Kwa mwezi wa siku 30, hivyo ni vipimo 8,640. Mwisho wa mwezi huvipanga kuanzia kikubwa, hufuta asilimia 5 ya juu, yaani vipimo 432, kisha hutoza kwa kile kinachofuata. Vipimo 432 ni saa 36. Kwa saa hizo mteja anaweza kujaza kiungo pomoni na ankara isipande. Mwenye watoa huduma wawili ana saa 36 kwa kila mmoja.

Tuseme chuo kinapitisha Mbps 400 kwa mtoa huduma A na 200 kwa B. Kila usiku, kwa saa 2, hutuma nje nakala za akiba za data zake, Mbps 500 za ziada, zote kupitia A. Saa 60 kwa mwezi zimevuka 36, hivyo A anatoza Mbps 900, na jumla ya ankara mbili ni Mbps 1,100. Sasa nakala zipite B usiku 15 na A usiku 15. Kila upande unabeba saa 30, na jumla inashuka hadi Mbps 600. Kwa bei ya mfano ya dola 5 kwa Mbps, chuo kimeokoa dola 2,500 kwa mwezi bila kununua kifaa chochote.

Kazi hiyo ya kugawa data hufanywa na BGP, itifaki ambayo mitandao huitumia kutangaziana njia. Kwa data inayotoka, amri ni ya chuo: kwenye ruta kila njia ina kiwango cha upendeleo, kwa kawaida 100. Zipe njia za B kiwango cha 200, data itapita B.

Data inayoingia ina mwamuzi mwingine, mtandao wa mbali, na hapa wengi hukosea. Fundi hurudia namba ya mtandao wake mara 3 au 4 katika tangazo analompa A ili njia hiyo ionekane ndefu. Lakini upendeleo husomwa kabla ya urefu, na A kwa kawaida humpendelea mteja anayemlipa, hata namba irudiwe mara 10.

Kugawa anwani 1,024 katika mafungu 4 ya 256 na kuyatangaza kupitia B hushinda, kwa kuwa fungu dogo hufuatwa kwanza. Gharama yake, hata hivyo, hubebwa na ruta za dunia nzima. Agosti 12, 2014, jedwali la njia za intaneti lilipovuka njia 512,000, ruta za zamani zilizotengewa nafasi hiyo tu ziliyumba. Afadhali alama ambazo mtoa huduma huzipokea katika tangazo la mteja na kushusha upendeleo wake mwenyewe. Haziongezi hata mstari mmoja katika jedwali.

Watoa huduma wawili pia hawatoshi ikiwa wote wanategemea mikongo ile ile. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika siku moja, na Tanzania na Kenya zikaathirika. Kabla ya kusaini mkataba wa pili, muulize mtoa huduma anatoza vipi, anapokea alama zipi, na data yako itapita mkongo gani.