Utangulizi wa Elimu ya Sauti ya Kompyuta: Kadi, Draiva na Namna ya Kuomba Msaada

Hii ni taaluma ambayo wengi huiingia kwa sababu ya matatizo. Hakuna anayenunua kompyuta ili asome habari za kadi za sauti. Mtu hununua ili arekodi kwaya, ahariri kipindi cha redio, atengeneze mdundo wa wimbo, au azungumze na ndugu yake aliyeko Muscat. Mambo yakienda sawa, hana hata haja ya kujua kwamba kadi ipo. Siku sauti inapogoma ndipo anapomiminiwa maneno asiyowahi kuyasikia, draiva, bafa, kasi ya sampuli, na aghalabu anayemweleza ana haraka zake. Utangulizi huu ni kwa ajili ya mtu huyo, na kwa ajili ya fundi anayemsaidia. Nina hakika kwamba matatizo mengi ya sauti ya kompyuta hayahitaji kifaa kipya. Yanahitaji mtu anayejua kutafuta ni pande zipi mbili zimeshindwa kuelewana.

Pande zenyewe ni hizi. Maikrofoni hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme. Kadi ya sauti hupima umeme huo maelfu ya mara kila sekunde na kuandika kila kipimo kuwa namba. Draiva, programu ndogo inayojua kuongea na chipu ya kadi hiyo, huzipokea namba na kuukabidhi mfumo endeshi, nao mfumo endeshi huzifikisha kwenye programu ya kurekodi. Tunaposikiliza, namba hupita njia hiyo hiyo kinyumenyume mpaka kwenye spika. Aliyetengeneza kadi mara nyingi siye aliyeandika mfumo endeshi, na aliyeandika programu ni mwingine tena. Kila mmoja amejaribu kazi yake kwake, ikafanya kazi vizuri. Hitilafu huzuka pale kazi ya mmoja inapokutana na ya mwenzake.

Tuanze na namba, maana huko ndiko kwenye makosa mengi na watu hawakutazami. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitikisiko ya kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Kanuni inayohusishwa na Harry Nyquist na Claude Shannon inatufundisha kwamba ili kuhifadhi mtikisiko fulani, ni lazima tuupime kwa kasi inayozidi mara mbili ya kasi yake. Ndiyo maana CD hubeba vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja kikiwa na biti 16. Kazi za video zimezoea 48,000. Namba hizi mbili zimekaribiana kiasi cha kumfanya mtu adhani tofauti yake haina uzito. Hebu tazama. Mahubiri ya saa moja yamerekodiwa kwa 44,100, kisha yakachezwa na kifaa kinachoamini kwamba ni 48,000. Yatakwisha kwa dakika 55 na sekunde chache, na sauti ya mhubiri itapanda karibu nusutoni moja na nusu. Msikilizaji atasema kompyuta inakimbiza sauti. Fundi asiyezijua namba hizi ataanza kukilaumu kichakataji. Anayezijua atafungua mipangilio ya kadi na ya programu, aone kama zote mbili zinataja kasi ile ile, na kazi itakuwa imekwisha.

Historia ya fani hii karibu yote ni historia ya kutafuta kupatana. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Quebec, Kanada, ilitoa kadi iliyotumia chipu ya Yamaha kutengeneza muziki, na watunzi wa michezo ya kompyuta wakaanza kuiandikia programu zao. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore, iliyoongozwa na Sim Wong Hoo, ikatoa Sound Blaster. Uamuzi wao ulikuwa wa busara. Waliweka chipu ile ile ya Yamaha ili kila mchezo ulioandikiwa AdLib usikike, kisha wakaongeza uwezo wa kurekodi na kucheza sauti halisi. Haikuchukua muda Sound Blaster ikawa kipimo cha wengine wote, na washindani wakaona fahari kuandika kwenye maboksi yao kwamba kadi zao zinapatana nayo.

Hata hivyo, kupatana huko kulimtaka mtumiaji afanye kazi. Enzi za DOS, mfumo endeshi wa wakati huo, kila mchezo ulizungumza na kadi moja kwa moja, na ilibidi uambiwe kadi iko wapi. Mtumiaji alifungua faili la AUTOEXEC.BAT akaandika mstari kama huu: SET BLASTER=A220 I5 D1. Herufi A na namba yake zilitaja anwani ya kadi, I ikataja namba ambayo kadi iliitumia kukikatiza kichakataji ili isikilizwe kwanza, na D ikataja njia ya kupitishia data hadi kwenye kumbukumbu. Kadi za mwanzo zilitoka kiwandani zikitumia namba 7 ya kukatiza, na namba hiyo hiyo kwa kawaida ilikuwa ya printa. Vifaa viwili vikigombea namba moja, sauti ilikwama au kompyuta nzima iliganda. Dawa ilikuwa kuhamisha kipini kidogo kwenye kadi, kutoka 7 kwenda 5, na kurekebisha ule mstari. Mwanafunzi wa leo hatahitaji kufanya hivyo, lakini namwomba alielewe tukio hilo vizuri. Kadi ilikuwa nzima na mchezo ulikuwa mzima, ila vilipewa habari zinazopingana.

Siku hizi mfumo endeshi ndio unaopanga mambo hayo, na ugumu umehamia kwingine. Ndani ya Windows kuna njia kadhaa za sauti zilizorithiwa kutoka vipindi tofauti: MME ya zamani, DirectSound, na WASAPI iliyokuja na Windows Vista. Pembeni yake kuna ASIO, iliyoletwa mwaka 1997 na Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, watengenezaji wa programu ya kurekodi ya Cubase, ili sauti ipite bila kuchelewa kwenye mchanganyiko wa Windows. Mac ina Core Audio. Linux ina ALSA, na juu yake JACK, PulseAudio na sasa PipeWire. Huna haja ya kuyakariri majina haya yote. Inatosha ujue kwamba programu yako inatumia mojawapo, na kwamba unaweza kuichagua. Baadhi ya draiva za ASIO, kwa mfano, huiachia programu moja tu kadi nzima. Ukifungua programu ya studio, kivinjari kinaweza kuwa kimya kabisa, na kimya hicho si ubovu.

Tatizo ninalopenda kulifundishia ni lile la sauti kuchelewa, kwa sababu linaonyesha mfumo mzima kwa mkupuo mmoja. Mwimbaji amevaa hedifoni katika studio ndogo, mtayarishaji anatumia FL Studio, programu ya Ubelgiji iliyoenea sana Afrika Mashariki. Mwimbaji analalamika kwamba anajisikia nyuma ya mdundo. Kompyuta haishughulikii kipimo kimoja kimoja, huvikusanya kwanza kwenye bafa. Bafa ikiwa ya vipimo 1,024 kwa kasi ya 48,000, kusubiri ijae huchukua milisekunde 21, na hiyo ni upande mmoja tu, kabla ya sauti kurudi masikioni. Sauti husafiri hewani mita zipatazo 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 21 ni sawa na kumsikiliza mpiga gita aliyesimama mita saba kutoka ulipo. Sauti ikienda na kurudi, umbali huo unazidi maradufu.

Punguza bafa hadi vipimo 128, na kusubiri kunashuka chini ya milisekunde tatu. Mwimbaji anafurahi, lakini sasa kichakataji kina milisekunde hizo tu kumaliza hesabu zote za mwangwi na vionjo vingine. Kikichelewa hata mara moja, kwa mfano kwa sababu draiva ya Wi-Fi imekishikilia, sauti hukatika na kukwaruza. Hapa hakuna jibu moja la kudumu. Tumia bafa ndogo wakati wa kurekodi, na kubwa wakati wa kuchanganya sauti, ambapo hakuna anayeimba. Ikiwa kadi ya ndani ya kompyuta haina draiva yake ya ASIO, draiva ya ASIO4ALL ya Michael Tippach imewasaidia wengi kwa miaka mingi.

Kuna hitilafu nyingine zinazofanana na za programu ilhali siyo. Mvumo mzito unaonyamaza ukichomoa chaja unatokana na umeme wa hezi 50 wa ukutani, na hakuna draiva itakayouondoa. Nyingine ni ruhusa tu. Tangu 2018 Windows na macOS zote zinaweza kuinyima programu maikrofoni hadi mwenye kompyuta aridhie. Programu inarekodi, saa inakwenda, lakini kinachochorwa ni mstari mnyoofu.

Kwa anayenunua intafesi ya sauti, yaani kadi ya sauti ya nje, hasa iliyotumika, ushauri wangu ni huu: chagua ile inayofuata kanuni ya jumla ya sauti kwa USB, isiyohitaji draiva ya kampuni. Toleo la pili la kanuni hiyo lilitolewa 2006, na Windows ililipokea bila draiva ya ziada mwaka 2017, baada ya Mac na Linux. Kifaa cha namna hiyo hakifi siku kampuni inapoacha kukiandikia draiva. Na ukihitaji draiva, ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Tovuti zinazojitangaza kuwa na draiva za kila kitu zimewaletea watu virusi.

Nimefika kwenye kuomba msaada, ambako nakuhesabu kuwa sehemu ya elimu yenyewe. Anayeandika "sauti haitoki, nisaidieni" hajampa msaidizi pa kushika, naye atajibu kwa kubahatisha: weka upya Windows, nunua kadi nyingine. Linganisha na huyu: "Natumia Windows 11 na intafesi ya USB yenye matundu mawili. Nikirekodi kwa Audacity kupitia WASAPI, kwa 48,000, sauti inakwaruza kila baada ya sekunde chache. Nikicheza muziki kwa programu nyingine haikwaruzi. Ilianza baada ya kusasisha mfumo. Nimebadilisha waya na tundu la USB, hali ni ile ile." Kila sentensi hapo imefunga mlango mmoja wa dhana. Spika si tatizo, waya si tatizo, na kadi inacheza vizuri. Kumebaki njia ya kurekodi na lile sasisho. Msaidizi mwenye ujuzi anaweza kuanza kazi mara moja, hata akiwa nchi nyingine.

Kabla ya kuuliza, basi, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike kilichotokea. Ijaribu kadi kwenye kompyuta nyingine, na ijaribu kompyuta kwa kadi nyingine. Utakapopata jibu, liandike kwa Kiswahili ukitaja jina la kadi, toleo la mfumo na hatua ulizofuata, na uliweke mahali ambapo wengine watalipata. Maelezo mengi ya fani hii bado yako kwa Kiingereza, na wapo mafundi hodari Mwanza, Bukavu na Mombasa ambao tayari wanayajua majibu. Waandike.