Kuanika Embe na Mboga kwa Akiba

Niliombwa niandike jambo lenye manufaa ya nyumbani, nami nimechagua kuanika embe na mboga. Najua wako watakaocheka, khasa wale niliowasomesha hesabu, kwamba mwalimu wao leo anasimulia bamia. Na wacheke. Mwaka juzi nilimpelekea dada yangu mkebe wa embe kavu huko Leicester, na mkebe ule ulinifedhehesha.

Dada alikuwa mgonjwa. Dawa alizokuwa akitumia zilimwondolea hamu ya kula hata chai ikawa inamshinda. Siku moja katika simu akaniambia kwamba kitu kimoja tu anakitamani, nacho ni mchuzi wa changu uliotiwa embe mbichi zilizokauka, kama alivyokuwa akipika bibi yetu Unguja msimu wa embe ukisha. Bibi alikuwa akizikata embe changa, akazitia chumvi na kuzianika uani juu ya ungo. Jua likianza kupungua huuingiza ungo ndani mwenyewe, hamwachii mtoto. Haya niliyaona kila mwaka na sikuuliza neno. Nilidhani kazi yote inafanywa na jua.

Basi hapa Maskati jua tunalo. Mwezi wa Julai nikanunua embe mbichi kilo 5, nikazikata, nikazianika juu ya nyumba siku tatu mchana na usiku. Zilipokuwa ngumu kama vijiti nikazitia mkebeni, nikampa msafiri. Nikangoja khabari. Binti wa dada akaniambia, "Mjomba, mkebe haujafika." Mwezi mzima nikamlaumu moyoni yule msafiri wa watu, mpaka binti akashindwa kuificha. Mkebe ulifika. Walipoufungua embe zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, naye akautupa usiku mama yake amelala. "Nilichelea Mama atasema tuukwangue tupike, Mjomba."

Alifanya vyema. Ukungu tunaouona juu huwa umekwisha kupenya ndani, na baadhi ya aina zake hutoa sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Kukwangua hakusaidii kitu, sembuse kwa mgonjwa.

Nikalitafuta kosa langu kama nilivyokuwa nikitafuta makosa katika madaftari. Kinachokausha si jua peke yake, ni hewa yenye joto, iliyo kavu, na inayopita. Wataalamu wanasema kuanika nje kunataka joto la nyuzi 30 au zaidi, na unyevu wa hewa usiozidi asilimia 60. Pwani ya Maskati wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40, lakini bahari iko hapo hapo, na usiku hewa hujaa maji. Kipande kilichokauka mchana hunywa maji tena usiku. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini Bibi akiuingiza ungo ndani.

Kosa la pili, vipande vyangu vilikuwa vinene. Vilifanya ganda gumu nje na maji yakafungika ndani, nami nikadanganyika na ugumu wa nje. La tatu, nilivifunga mkebeni siku ile ile vingali vina joto.

Safari ya pili nilizipeleka embe kwa wakwe zangu Nizwa, ambako hewa ni kavu. Watu wa bara ya Omani kazi hii hawafundishwi. Hebu tazameni ndimu kavu, wanayoiita lumi. Huichemsha nzima katika maji ya chumvi, kisha huianika juani siku nyingi mpaka inakuwa nyepesi, na ikitikiswa mbegu zinalia ndani. Ya hudhurungi ina ukali wa ndimu, nyeusi ina ladha ya ndani zaidi. Wairaki huiita ndimu ya Basra kwa kuwa iliwafikia kupitia bandari ile, na Waajemi huiita ndimu ya Omani. Kuirudishia maji ni kuitoboa na kuitia katika mchuzi ikachemka. Mimi huitoa mbegu kwanza, maana zina uchungu.

Turudi kwenye embe. Katika kilo 1 ya nyama ya embe, kiasi cha gramu 830 ni maji. Kwa hiyo nikapima kwa mizani. Kilo 1 ya vipande ikibaki karibu gramu 200, embe imekauka. Nilizikata unene wa nusu sentimita, si zaidi, nikazipanga juu ya wavu bila ya kupandana, nikazifunika shashi kwa ajili ya nzi na vumbi. Miguu ya meza niliitia katika mikebe ya maji ili chungu wasipande. Magharibi tukaingiza ndani. Kipande kikiwa tayari hujipinda bila ya kuvunjika, na ukikipasua huoni unyevu.

Nyinyi mlioko Uingereza na Canada msitegemee jua. Mashine ndogo ya kukaushia, yenye kipepeo, hukaa kwenye nyuzi 57 na haitaki kuangaliwa sana. Oveni nayo inafaa ikiwa inashuka kiasi cha nyuzi 60, mlango ukiachwa wazi kidogo mvuke utoke. Oveni nyingi hazishuki hivyo, na hapo utakuwa unapika, hukaushi. Wala msipandishe moto ili mmalize haraka, mtapata ganda kama langu.

Mboga zina desturi yake. Karoti, maharage mabichi na majani kama mchicha huchovywa kwanza katika maji yanayochemka, dakika 2 mpaka 4 hivi, majani yanataka kidogo tu. Ndani ya mboga mna vimeng'enya vinavyoendelea kuibadili rangi na ladha hata ikiwa kavu, na moto ule huvizima. Tungule na pilipili hazihitaji. Matunda yataachwa na unyevu kidogo, lakini mboga sharti ikauke mpaka ivunjike. Tungule kavu msizitie katika mafuta pamoja na thomu mkaziacha kabatini. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na mdudu wa sumu mbaya kabisa anapenda pahali kama hapo.

Kisha kuna jambo nililolikosa kabisa mara ya kwanza. Tunda likisha poa, litie katika chupa ya kioo, isijae, theluthi mbili tu. Kwa siku 7 mpaka 10 itikise kila siku na uitazame. Ukiona matone ya maji kwenye kioo, rudisha anikoni. Zilizoanikwa nje, ziweke kwanza katika friza siku mbili, ili mayai ya wadudu yafe. Halafu funga barabara, weka mahali pa giza na baridi. Joto na mwanga huziharibu, na vitamini C hupungua vyovyote ufanyavyo.

Kuzirudishia maji ni kazi nyepesi. Kikombe 1 cha mboga kavu kwa vikombe 2 vya maji. Yakiwa ya moto itakwenda haraka. Chumvi na sukari ngoja mwisho, maana huzuia maji kuingia. Ikiwa itaroweka zaidi ya saa mbili, iwe ndani ya friji. Na yale maji msiyamwage, yatieni katika mchuzi.

Chupa ya pili niliitazama siku 10 kamili kabla ya kuikabidhi kwa msafiri, yule yule, ambaye hajui mpaka leo niliyomdhania. Ilifika mwezi wa Oktoba. Binti alipika mchuzi wa changu siku ya Ijumaa, na dada akala nusu sahani, akaomba na wali kidogo. Usiku akanipigia simu. Nilitaraji shukrani. Akaniuliza nani aliyenifundisha kukata embe nyembamba kama karatasi, maana Bibi hakuwa akizikata hivyo.